Soketi Kwanza, Wayo Baadaye: Jinsi ya Kupata Mguu wa Bandia Dar es Salaam na Kuutembelea

Watu wakinikuta kituoni Ubungo nimevaa bukta, swali la kwanza huwa bei, na la pili huwa "umetoka nchi gani huo?" Hakuna anayeuliza habari za soketi, kile kikombe cha plastiki ambamo kigutu huingia. Hata mimi sikuuliza. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti miaka saba iliyopita baada ya ajali ya bodaboda, na mguu wa bandia wa kwanza niliopewa ulikaa uvunguni miezi minane huku natembelea magongo. Kila nilipolalamika kwamba unaniuma niliambiwa, "Utazoea." Sikuzoea. Fundi mwingine ndiye aliyenifundisha kwamba yapo maumivu ya kuzoeleka, na yapo ambayo hayazoeleki hata ukivumilia mwaka mzima. Kuyatofautisha si kazi anayoiweza fundi peke yake, kwa sababu aliye ndani ya soketi ni wewe.

Nimeandika haya kwa ajili ya aliyekatwa chini ya goti na kwa anayemuuguza. Aliyekatwa juu ya goti atakuta mengi yanamhusu, ila goti la bandia lina mambo yake ambayo sitayagusa.

Hatua ya 1: Jua kazi iliyokuwa ikifanywa na mguu ulioondoka

Mwombe ndugu yako avue viatu atembee mbele yako polepole, wewe mtazame kwa ubavuni. Kisigino chake kitagusa chini kwanza. Wayo hautaanguka kwa kishindo. Utashuka taratibu, kwa sababu misuli ya mbele ya muundi inaushikilia. Kisha muundi utabiringika kwenda mbele juu ya kifundo, na mwisho kisigino kitainuka, uzito uhamie kwenye mashina ya vidole. Daktari wa Marekani Jacquelin Perry, aliyetumia maisha yake kuchunguza mwendo wa binadamu, aliyaeleza haya kama mabiringiko matatu: la kisigino, la kifundo na la mbele ya wayo. Wayo mmoja una mifupa 26, na yote inashiriki.

Sasa mwambie akushikishe shavu la mguu wake anapoinuka kwa vidole. Utasikia linavyokaza. Hapo ndipo ulipokuwa msukumo wako. Kila hatua, misuli ile huvuta kano ya kisigino na kukurusha mbele, na katika kutembea hakuna kiungo kingine kinachotoa msukumo mkubwa kama kifundo.

Wayo wa bandia wa kawaida hauna msukumo huo. Aina iliyoenea kuliko zote ilibuniwa Chuo Kikuu cha California miaka ya 1950. Haina kifundo kinachocheza. Kisigino chake ni cha sponji kinachobonyea ili kuiga wayo unaoshuka, katikati pana kipande kigumu, na mbele pana mpira unaopinda. Unapokea uzito vizuri, lakini haukusukumi. Ndiyo maana waliokatwa chini ya goti hupunguza mwendo. Tafiti za mwendo zimeonyesha kwamba kwa umbali uleule sisi hutumia nguvu nyingi kuliko mwenye miguu miwili, na mwili hujilinda kwa kwenda polepole. Huko Marekani Hugh Herr, aliyepoteza miguu yote miwili chini ya magoti mwaka 1982 baada ya kunaswa na baridi kali mlimani, ameongoza utafiti wa kifundo chenye mota na betri, na mwaka 2012 yeye na mwenzake walionyesha kwamba kifundo cha namna hiyo kinaweza kurudisha matumizi ya nguvu karibu na ya mtu mwenye miguu yake miwili. Nafurahi kwamba kazi hiyo inafanyika. Kwa sasa, hapa kwetu, mota yako ni nyonga na paja.

Kwa hiyo zoezi linaanza leo, kabla ya kupata mguu wowote. Lala kifudifudi, inua paja la upande uliokatwa bila kukunja goti, hesabu hadi tano, shusha. Kisha lala ubavu ule mzima uwe chini, inua kigutu kuelekea juu. Rudia mara kumi kumi, asubuhi na jioni. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuongezea mengine, lakini haya mawili ndiyo yatakayokupandisha ngazi.

Hatua ya 2: Kiandae kigutu

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mguu wa bandia kabla hawajaupata, na anayewapotezea mara nyingi ni ndugu mwenye huruma. Mama anaona mwanawe amelala, anamwekea mto chini ya goti apumzike. Usikubali. Goti linalolazwa limekunjwa mchana na usiku hukakamaa likiwa vilevile, na goti lisilonyooka halitembelei mguu wa bandia vizuri. Ukiwa umekaa, weka ubao au stuli chini ya kigutu kinyooke. Ukilala, lala chali miguu imenyooka, na angalau mara mbili kwa siku lala kifudifudi dakika ishirini ili nyonga isijikunje nayo.

Jambo la pili ni bandeji. Kigutu kipya kimevimba na kina umbo la chupa iliyopinduliwa. Tunataka kiwe kama koni ya duara. Daktari akisharuhusu, kifungwe kwa bandeji ya kuvutika kwa kupitisha mshazari, umbo la nane. Isizungushwe duara kama unavyofunga mzigo. Kazo liwe kubwa nchani na lilegee kadiri unavyopanda. Ukikaza juu zaidi ya chini, damu na maji hubanwa nchani na kigutu huvimba zaidi. Fungua na ufunge upya kila baada ya saa nne hadi sita, na ukisikia kuchoma au ganzi, fungua papo hapo.

Kidonda kikipona, anza kukizoesha kigutu kuguswa: kitambaa laini, kisha taulo, kisha kiganja kinachobonyeza. Sugua kuzunguka kovu kwa kidole ili ngozi isigandamane na mfupa. Kovu lililoganda litachubuka ndani ya soketi.

Kuna na lile jambo ambalo wengi hulificha wakiogopa kuitwa wamerogwa au wamechanganyikiwa: mguu usiokuwepo unauma. Vidole vinachoma, unyayo unawasha, nawe unatazama shuka limelala tambarare. Ndugu yangu, hujarogwa. Ubongo bado una ramani ya mguu wako. Mwambie daktari, dawa zipo. Lipo pia zoezi la kioo lililoanzishwa miaka ya 1990 na mtafiti V. S. Ramachandran. Simamisha kioo kirefu katikati ya miguu, kigutu kikiwa nyuma yake, kisha chezesha mguu mzima polepole ukiutazama ndani ya kioo kana kwamba ni ule mwingine. Mimi nilitumia kioo cha kabati la dada yangu, robo saa kila usiku. Si kila mtu kinamsaidia. Mimi kilinirudishia usingizi.

Hatua ya 3: Chagua karakana na uulize kabla ya kulipa

Dar es Salaam ina bahati. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ina karakana ya viungo bandia, na hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani nayo inayo. Wataalamu wengi utakaowakuta wamesomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hiyo ni taaluma kamili, na anayekupima si fundi wa kubahatisha. Nitaendelea kumwita fundi kwa heshima, kama tunavyoitana.

Nenda na barua ya rufaa, muhtasari wa upasuaji, na mtu mmoja wa nyumbani atakayekumbuka maelekezo. Kama una bima, uliza kwa maandishi inalipia nini kabla ya kupimwa. Kisha uliza maswali haya bila aibu: bei hii inajumuisha marekebisho mangapi? Soketi ikilegea baada ya miezi mitatu, nalipia upya? Mazoezi ya kutembea yamo? Skrubu ikikatika, kipuri kinapatikana hapahapa mjini?

Swali la vipuri lina uzito kuliko wayo wa bei kali. Nimemwona kijana wa Mbagala aliyeletewa na mjomba wake mguu wa nyuzi za kaboni kutoka ng'ambo. Mguu mzuri kweli. Soketi yake ilikuwa imetengenezwa kwa kigutu cha mtu mwingine. Alikuwa anapwaya ndani kama mchi kwenye kinu, na nyuma ya goti alikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu. Wayo wa mpira wa kawaida chini ya soketi iliyomkaa ungemfikisha mbali zaidi. Soketi ndiyo mguu.

Kuhusu aina za wayo, nitapita haraka. Ule wa kisigino cha sponji ni imara na bei yake inavumilika. Wayo wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma akishirikiana na daktari P. K. Sethi, ni wa mpira, unapinda pande nyingi, na ulikusudiwa watu wanaotembea pekupeku na kuchuchumaa. Wa kaboni hujikunja kama springi na kukurudishia sehemu ya nguvu, na humfaa anayetembea sana au kukimbia. Mweleze fundi maisha yako yalivyo: unauza samaki Feri kwenye maji na magamba, au unakaa ofisini Posta? Unapanda ghorofa? Nyumbani choo ni cha kuchuchumaa? Unasali sakafuni? Usiseme tu "nataka mzuri".

Hatua ya 4: Siku ya kipimo

Vaa bukta, au khanga kwa kina mama. Usinywe pombe jana yake na usije umetoka kukaa saa nne ndani ya basi kigutu kikining'inia, maana kitakuwa kimevimba na kipimo kitakuwa cha uongo.

Fundi atakuvika soksi nyembamba na kuchora alama kwa kalamu ya wino unaohamia kwenye plasta. Tazama anachochora, ndiyo ramani ya maisha yako yajayo. Ukanda mfupi chini ya kilegesambwa, yaani kile kifuniko cha goti, ile kano inayounganisha kilegesambwa na muundi, ni mahali panapobeba mzigo. Ubavu wa ndani wa muundi hapo juu nao unabeba, na nyama ya nyuma pia. Ila kile kifundo kidogo cha mfupa upande wa nje chini ya goti hakibebi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unapita juujuu hapo. Makali ya muundi hayabebi. Ncha ya mfupa ulikokatwa haibebi.

Kisha anafunga plasta ileile ya hogo tunalofungwa tukivunjika, akibonyeza kwa vidole vyake hadi igande. Plasta ikivuliwa inajazwa jasi, na hapo anapata nakala ya kigutu chako. Ufundi wenyewe unaanzia hapo: pale pa kubeba mzigo anakwangua jasi ili soketi ibane, pale pasipobeba anaongeza jasi ili soketi ipishe. Milimita chache tu. Mwisho anapasha moto bamba la plastiki, aghalabu polipropilini, analivalisha juu ya nakala na kulinyonya hewa ligande. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa ndilo lililoeneza matumizi ya plastiki hii katika nchi zenye vita na zenye kipato kidogo, kwa kuwa haipati kutu, haiozi kwa unyevu, na ukiipasha moto upya inarekebishika.

Hilo la kurekebishika likumbuke sana. Anayekuambia soketi haiwezi kuguswa tena mwombe akuonyeshe sababu.

Hatua ya 5: Siku ya kujaribu, na lugha ya kumweleza fundi

Nenda na viatu vyako. Si vya sherehe, vile unavyovaa kila siku. Wayo wa bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu. Ukibadili kimo, umebadili mguu wote. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu kuliko kilichopangwa, mguu unainama mbele na goti linasukumwa likunjike kama unashuka kilima. Ukivaa ndala bapa, unalalia nyuma na kila hatua ni kama unapanda. Wengi wanaolalamika kwamba mguu umeharibika wamenunua tu kiatu kipya cha mtumba Karume. Ukienda kununua, nenda na kiatu cha zamani mkononi ulinganishe visigino.

Kabla ya kusimama, mwombe fundi aweke kidonge cha udongo laini wa kuchezea, au cha unga uliokandwa, chini kabisa ndani ya soketi. Simama, kisha uvue. Kidonge kikibonyea kidogo, kigutu kimegusa kitako kwa kiasi. Kikiwa bapa kama chapati, umezama. Kikibaki duara, umening'inia juu, na ncha isiyogusa chochote huvimba na kubadilika rangi.

Simama sawa na umwombe akushike viuno. Vikiwa havilingani, mguu ni mrefu au mfupi. Mguu mfupi unakufanya udumbukie upande huo kila hatua. Mguu mrefu unakulazimisha kuinuka kwa vidole vya mguu mzima ili upitishe ule wa bandia.

Halafu tembea, na hapa ndipo ninapokuomba usiseme "unauma" ukanyamaza. Sema mambo matatu: wapi, lini ndani ya hatua, na baada ya muda gani. "Fundi, unanibana nje chini ya goti, kisigino kinapogusa tu." "Unanichoma nchani, ninapoondoka, baada ya kama dakika ishirini." Sentensi moja ya namna hiyo inamwokolea nusu saa ya kubahatisha. Mimi miezi minane ile ningeiokoa kwa maneno machache: kifundo cha nje chini ya goti, kila nikisimama, tangu dakika ya kwanza. Maumivu yanayokupata mahali pa mfupa, tangu dakika ya kwanza, na kurudi palepale kila siku, hayo si ya kuzoea. Yanayokuja kwenye nyama na kano, yanayochelewa na kupungua wiki hata wiki, hayo ndiyo ya mwili unaojifunza.

Hatua ya 6: Wiki za kwanza

Usitoke karakanani ukaenda moja kwa moja harusini. Siku ya kwanza vaa nusu saa, vua, tazama. Ongeza kidogokidogo, na kila mara uvue ukague kwa kioo kidogo cha mkononi, hasa nyuma na nchani.

Maelekezo mengi husema utafute wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na watu wamepata vidonda wakisubiri rangi isiyokuja. Tafuta pahali palipoiva kuwa peusi zaidi, panapong'aa, pagumu kuliko jirani yake, au penye joto. Pitisha mgongo wa kiganja, unahisi joto kuliko ncha za vidole. Alama iliyoko chini ya kilegesambwa na kwenye nyama za nyuma, ikififia ndani ya dakika kumi hadi ishirini, ni mzigo umekaa mahali pake. Alama ya kifundo cha nje chini ya goti, makali ya muundi au ncha ya mfupa, au yoyote isiyofifia, irudishe karakanani, na usivae mpaka ionekane na fundi. Lengelenge ni hivyohivyo. Usilipasue, usilipake dawa ya meno.

Mwenye kisukari asitegemee maumivu hata kidogo, maana ngozi yake inaweza kuwa imekufa ganzi. Kwake macho na kiganja ndivyo vitakavyosema.

Hatua ya 7: Soksi, jasho na joto la Dar

Kigutu hakibaki na ukubwa uleule kutwa nzima. Asubuhi kimejaa, na kadiri unavyotembea maji yanasukumwa, kinapungua. Soketi iliyokubana saa moja asubuhi inapwaya saa saba mchana. Ukiacha hivyo unazama, na mzigo unahama kutoka kwenye kano kwenda kwenye mifupa. Dawa yake ni soksi za kigutu, na zina unene tofauti. Beba za ziada kwenye mfuko kama unavyobeba simu. Ishara zangu ni mbili: kilegesambwa kinaanza kukwaruza mdomo wa soketi, na nikiinua mguu nasikia umechelewa kunifuata. Hapo natafuta pa kukaa, navua, naongeza soksi moja. Kariakoo, muuza vitenge mmoja amenizoea, akiniona nakuja tu ananisogezea stuli.

Ukifika soksi nyingi na bado unapwaya, kigutu kimesinyaa na soketi imekuwa kubwa. Mwaka wa kwanza hilo ni la kawaida, na soketi mpya huhitajika. Anza kuiwekea akiba siku ileile unayopewa ya kwanza.

Jasho la Januari hapa mjini halina huruma. Kila saa kadhaa vua, futa kigutu na ndani ya soketi kwa kitambaa kikavu, badili soksi. Usiku osha kigutu kwa sabuni isiyo kali, suuza povu lote, kausha. Mafuta pakaa usiku, asubuhi hapana, maana yatakuchubua ukianza kuteleza ndani. Usinyoe vinyweleo vya kigutu, huota ndani na kufanya majipu. Soksi zifuliwe kila siku, na soketi ifutwe kwa kitambaa cha maji na sabuni kisha ikauke usiku kucha, isiachwe juani kwenye bati.

Masika nayo yana kazi yake. Ukikanyaga maji ya mtaani, ukifika nyumbani vua kiatu, futa wayo, angalia kama maji na mchanga vimeingia kwenye kifuniko cha sponji na kwenye skrubu ya kifundo. Mchanga wa Kigamboni husaga mpira kama tupa. Ukisikia mlio mpya, tak tak, kwenye kila hatua, usisubiri.

Hatua ya 8: Mjini

Ngazi zina kanuni moja: kupanda, mguu mzima huanza. Kushuka, wa bandia huanza. Daladala ni ngazi ndefu, kwa hiyo shika kwanza, panda na mguu mzima, na mwambie konda kabla, "Kaka, mguu wa bandia, nisubiri." Wengi wanasubiri ukisema. Vituo vya mwendokasi vimeinuliwa usawa wa mlango wa basi, ni nafuu kubwa, ila tazama pengo lililobaki kati ya jukwaa na basi. Kwenye bodaboda wayo wa bandia hauhisi kama umekaa kwenye kikanyagio, basi uutazame kwa macho. Nalisema nikijua.

Ndala za kamba ya vidoleni hazishiki, wayo wa bandia hauwezi kukunja vidole. Tafuta kiatu chenye mkanda wa nyuma.

Choo cha kuchuchumaa: funga bomba imara ukutani la kushikia, unyooshe mguu wa bandia mbele na ubebe uzito kwa ule mzima. Kama nyumba ni ya kupanga, stuli ya plastiki iliyotobolewa katikati inatosha. Usiku ukiamka kwenda chooni usijaribu kusimama ukidhani miguu iko miwili. Ubongo husahau gizani, na wengi wetu tumeanguka hivyo. Magongo yakae kando ya kitanda, na taa ya simu karibu.

Kwa ambaye hakukatwa ila wayo unaburura

Kiharusi na majeraha ya mshipa huweza kuacha misuli ya mbele ya muundi imelegea, wayo ukaning'inia na kukwaa kila kizingiti. Karakana zilezile hutengeneza kishikizo cha plastiki kinachokaa nyuma ya muundi na kupita chini ya unyayo, unavaa ndani ya kiatu kilichopanuka kidogo. Kanuni za ngozi, soksi na kiatu ni hizohizo. Na mtoto aliyezaliwa na mguu uliopindia ndani apelekwe mapema, ndani ya wiki za kwanza: njia ya daktari Ignacio Ponseti, ya kunyoosha kwa plasta za kila wiki na kisha viatu vyenye fimbo vya kulalia hadi miaka minne hivi, huwanyoosha wengi bila upasuaji mkubwa. Plasta ni wiki chache. Viatu vya usiku ndivyo wazazi huvichoka, na mguu hurudi kupinda.

Hatua ya 9: Linda uliobaki

Mguu mzima sasa unafanya kazi ya miwili, na kama ulikatwa kwa sababu ya kisukari, nao uko hatarini. Kila jioni ukague: juu, chini, katikati ya vidole. Mara moja kwa mwezi funga macho, ndugu yako akuguse ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo kwa ncha ya kidole chake, kidogo tu, sekunde moja, bila kubonyeza. Useme kila unapohisi. Ukikosa mara mbili au zaidi, nenda kliniki ya kisukari, hata kama huoni kidonda.

Na funga matundu ya panya. Daktari Zulfiqarali Abbas, ambaye ametibu na kuchunguza miguu ya wenye kisukari hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 2005 habari za wagonjwa wa mji huu waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Ganzi iliwafanya wasiamke. Wahenga walishasema panya huuma akipuliza, na kwa mguu wenye ganzi hana hata haja ya kupuliza. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, osha miguu isinuke chakula, usiache makombo chumbani. Asubuhi kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, utoe kokoto, msumari, au mdudu.

Rudi karakanani baada ya wiki mbili za mwanzo, kisha miezi mitatu, kisha angalau kila miezi sita hata kama huna shida, skrubu zikazwe na mpira ukaguliwe. Mtoto arudi mara nyingi zaidi, maana mguu mzima unakua na wa bandia haukui. Siku hiyo vaa viatu vyako vyote viwili, beba soksi zako zote, na uwe umeandika kwenye simu: wapi, lini ndani ya hatua, baada ya muda gani.